Koti la Kijani la Legioni ya Kijerumani ya Mfalme: Shajara ya Mradi wa Kushona

14 Januari 2024: Kazi ilivyoingia

Nimekubali kushona koti la askari wa miguu wa Legioni ya Kijerumani ya Mfalme, kikosi cha Wajerumani kilichopigana dhidi ya Napoleon ndani ya jeshi la Uingereza tangu mwaka 1803 hadi kilipovunjwa mwaka 1816. Aliyeniagiza ni mwanachama wa kundi dogo hapa Hannover ambalo huvaa mavazi ya zama hizo na kuwaeleza wanafunzi namna askari wa kawaida alivyoishi, na anataka koti liwe tayari kabla ya mwezi Juni. Nimekuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na tisa; nimeshona kanzu, suti za harusi na sare za shule, lakini koti la kijeshi la mwaka 1815 sijapata kulishika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nawajua mafundi wenzangu kadhaa hapa Ulaya ambao huletewa kazi za aina hii na kuzikataa kwa kukosa pa kuanzia.

Tumekubaliana kwamba vifaa atalipa yeye kwa risiti, na kitakachoharibika kwa kosa langu nitakigharimia mwenyewe. Ndiyo maana nitaandika kila senti.

20 Januari: Kujua kwanza ni askari yupi

Wiki nzima sikugusa mkasi. Mteja aliniambia tu kwamba anataka "koti la Legioni", na nilipoanza kusoma niligundua kwamba agizo hilo ni sawa na mtu kuniambia anataka "nguo ya kazini" bila kusema kazi gani. Legioni hii ilikuwa jeshi kamili lililo ndani ya jeshi jingine, na kila tawi lilikuwa na vazi lake.

Asili yake ni hapa hapa. Mtawala wa Hannover alikuwa mtu mmoja na mfalme wa Uingereza, George wa Tatu, kwa hiyo vita vya Ufaransa na Uingereza vilipoanza tena mwaka 1803, majeshi ya Ufaransa chini ya Jenerali Mortier yaliingia Hannover bila kukutana na upinzani mkubwa. Tarehe 5 Julai mwaka huo yalitiwa saini makubaliano kwenye mto Elbe, na jeshi la Hannover likavunjwa. Askari wakakabidhi silaha na farasi wao na kurudi makwao. Wengi hawakukaa. Walivuka bahari wakiwa makundi madogo hadi Uingereza, ambako mfalme alimpa Friedrich von der Decken ruhusa ya kuwaandikisha, na vivyo hivyo Colin Halkett, na kufikia Desemba 1803 waliokusanyika walikuwa wengi kiasi cha kuitwa Legioni, chini ya mwana wa mfalme, Adolphus, mwenye cheo cha Duke wa Cambridge. Askari wa miguu walikaa Bexhill, kwenye pwani ya kusini, na wapanda farasi Weymouth. Kwa wakati mmoja Legioni haikupita watu 14,000 hivi, ingawa jumla ya waliopita ndani yake katika miaka yote inakaribia 28,000.

Kwa fundi, jambo la kushika ni kwamba waliolipa mishahara na kununua vitambaa ni Waingereza. Kwa hiyo mkato ni wa Kiingereza, hata kama aliyevaa alizaliwa kilomita ishirini kutoka hapa nilipoketi. Batalioni nane za safu, yaani askari waliosimama bega kwa bega na kupiga magobori kwa pamoja, zilivaa koti jekundu lenye kola na mapindo ya mikono ya buluu iliyokoza, rangi iliyokuwa alama ya rejimenti za kifalme katika jeshi la Uingereza. Wapanda farasi wazito, rejimenti mbili, walivaa nyekundu pia. Hao ndio waliovunja miraba ya askari wa miguu wa Ufaransa, yaani vikundi vilivyojipanga pande nne ili kuwazuia farasi, huko Garcia Hernandez, Hispania, tarehe 23 Julai 1812, jambo ambalo wapanda farasi hawakulifanikisha mara nyingi katika vita vile. Husari, yaani wapanda farasi wepesi, rejimenti tatu, walivaa buluu yenye kamba kifuani, na walitofautishwa kwa kola: nyekundu kwa rejimenti ya kwanza, nyeupe kwa ya pili, njano kwa ya tatu. Kulikuwa pia na vikosi vya mizinga, vingine vya farasi na vingine vya miguu, pamoja na wahandisi.

Kisha zipo batalioni mbili nyepesi, ambazo ndizo zinazomhusu mteja wangu. Hawa walitumwa mbele ya safu, wakatawanyika, wakajificha nyuma ya ukuta au mti na kulenga mtu mmoja mmoja. Walivaa kijani iliyokoza, kola na mapindo meusi, suruali ya kijivu na mikanda ya ngozi nyeusi pale ambapo wenzao wa safu walivaa mikanda meupe. Nilimpigia simu mteja kumuuliza kama anataka kijani, akasema ndiyo, kijani. Sikumuuliza swali lililopaswa kufuata, na nitalilipia baadaye.

28 Januari: Kitambaa cha kwanza, na hasara yake

Nimenunua mita 2.5 za sufu ya kijani kwa euro 38 kwa mita, jumla euro 95. Muuzaji aliniandikia kwamba ni sufu tupu. Rangi ilikuwa nzuri, uzito ulionekana kutosha, nikajiona nimepata bahati.

Makoti ya askari wa kawaida wa zama hizo hayakukunjwa pindo kwenye kingo. Ukingo wa mbele na ukingo wa juu wa kola vilikatwa kwa mkasi na kuachwa wazi, kwa sababu sufu ile ilikuwa imefumwa kisha ikakandwa majini kwa muda mrefu hadi nyuzi zikashikana kama ngozi. Hilo liliokoa kitambaa na muda, na ndilo linalolipa koti la kweli ule ukingo mwembamba uliokatika sawasawa ambao huwezi kuupata kwa kukunja. Nilikata kipande cha upana wa vidole vinne, nikakwaruza ukingo kwa ukucha mara tatu. Nyuzi zikatoka kama jani la mkeka ambao haujamalizwa.

Nikajaribu kukikanda mwenyewe. Niliweka kipande cha nusu mita kwenye maji ya moto na sabuni, nikakisugua kwa mikono dakika arobaini, nikakitoa, nikakitia maji baridi, nikarudia. Sufu ya kweli ingejikunja na kuwa nzito. Hiki kilipungua sentimita chache tu na kubaki kama kilivyokuwa, ila sasa kimechakaa. Hapo ndipo nilipofanya jaribio ambalo ningepaswa kulifanya dukani: nilichomoa uzi mmoja, nikaushika kwa koleo na kuusogeza kwenye moto wa kiberiti. Sufu ikiungua hutoa harufu ya nywele na kuacha jivu linalopondeka kati ya vidole. Uzi wangu ulianza hivyo, kisha ukayeyuka nchani na kuacha kishanga kidogo cheusi, kigumu kama punje ya mtama. Kuna plastiki ndani yake, na kitambaa chenye plastiki nyingi hakikandiki hata ukikipiga mchana kutwa.

Muuzaji amekataa kukirudisha kwa kuwa nimekikata. Euro 95 ni zangu. Anayenifuata achome uzi kabla ya kulipa.

10 Februari: Joho

Jioni nilimpigia simu mwalimu wangu wa ushonaji huko Unguja, mzee ambaye sasa macho hayamruhusu kushona lakini mikono bado inajua. Nilimwamkia, nikamweleza kisa chote tangu mto Elbe mpaka kishanga cheusi. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema: "Mwanangu, unachokitafuta ni joho. Joho halifumuki. Likifumuka, basi si joho."

Niliona haya kwa kuwa nililijua neno hilo tangu utotoni. Siku hizi tukisema joho tunafikiria vazi la heshima, la bwana harusi au la mhitimu wa chuo, na tumesahau kwamba neno hilo ni jina la kitambaa chenyewe: sufu nzito iliyokandwa, iliyoletwa pwani kutoka ng'ambo, ambayo mafundi wa zamani waliikata na kuiacha ukingo wazi au kuupamba kwa uzi wa dhahabu. Askari wa Legioni na mabwana wa pwani yetu walivaa kitambaa cha jamii moja. Baada ya hapo nilijua cha kumwomba muuzaji, na nilijua kukipima kwa vidole.

Nimepata joho la kijani iliyokoza sana, karibu na nyeusi kwenye kivuli, kwa euro 74 kwa mita. Mita 2.2 zimegharimu euro 162.80. Nimelikwaruza ukingo kwa ukucha, kisha kwa ncha ya sindano, na hakuna uzi uliotoka. Nusu mita pungufu ya joho jeusi la kola na mapindo imegharimu euro 24. Kuhusu rangi, mteja alikuwa na wasiwasi kwamba ni nzito kupita kiasi, lakini nimemweleza kwamba kijani ya zama hizo ilipatikana kwa kutia sufu kwenye nili kisha kwenye rangi ya njano ya mimea, na kwamba njano ndiyo hufifia kwanza juani. Koti jipya lilikuwa la kijani nzito. La miaka miwili vitani lilikuwa limeelekea buluu. Tumekubaliana kushona koti jipya na kuliacha lizeeke lenyewe.

25 Februari: Koti la majaribio na suala la kwapa

Kabla ya kugusa joho nimeshona koti zima la majaribio kwa marekani, mita 3 kwa euro 12. Nashukuru nilifanya hivyo.

Nilichora kiolezo kama ninavyochora siku zote: nikashusha kwapa chini ili mkono upate nafasi, nikapanua mgongo, nikaweka mshono wa bega juu ya bega. Likamkaa mteja vizuri akiwa amesimama mikono chini. Kisha nikamwomba achukue bunduki yake ya mfano na kuilenga. Alipoinua mkono tu, koti zima lilipanda pamoja nao; ukingo wa chini ulitoka kiunoni ukafika mbavuni, kola ikamziba kidevu, na jicho lake likashindwa kufika kwenye shabaha. Askari ambaye kazi yake yote ni kulenga asingeweza kulenga akiwa ndani ya koti nililomshonea.

Nilidhani nimebana, nikashusha kwapa zaidi. Likawa baya zaidi. Ilinichukua siku mbili za kuangalia picha za makoti yaliyohifadhiwa hadi nikaelewa kwamba nilikuwa nakwenda kinyume. Kwapa likiwa chini, mkono unakuwa umeungwa na ubavu, na ukiuinua unavuta ubavu wote. Mafundi wa wakati ule walikata kwapa dogo, la juu kabisa, linalokaribia kugusa nywele za kwapa, kwa hiyo mkono huzunguka peke yake na kiwiliwili cha koti hukaa kilipo. Mgongo wao ni mwembamba mno kwa macho yetu. Mishono yake inajikunja kufuata mifupa ya mabega, na mshono wa bega umesogezwa nyuma. Mkono wenyewe ni wa vipande viwili na umepinda kwenye kiwiko kuelekea mbele, kana kwamba umeshakwisha kushika bunduki.

Nimechora upya: nimepandisha kwapa sentimita 4, nimepunguza mgongo sentimita 3 kila upande, na ziada niliyoiondoa mgongoni nimeihamishia kwenye kifua. Jaribio la pili: akainua bunduki, ukingo wa chini ukapanda kama upana wa kidole kimoja. Alibaki amelenga ukuta wa karakana yangu kwa muda, kisha akaishusha bila kusema kitu.

Mafundi wenzangu watakaolishona koti hili watavutwa na mazoea ya kutanua. Wasikubali. Mteja atalalamika kwamba kwapa linambana akiwa amekaa, na kweli litambana siku ya kwanza. Joho hujifunza mwili baada ya kuvaliwa mara chache.

16 Machi: Kukata na kuunga

Joho limekatwa. Bitana ni ya kitani isiyopakwa rangi, mita 2 kwa euro 32. Mishono mirefu ya ndani nimeipitisha kwenye cherehani kwa makubaliano na mteja, na yote inayoonekana nje nimeishona kwa mkono kwa uzi wa kitani uliopakwa nta. Uzi na nta ni euro 13. Hakuna kilichoharibika wiki hizi tatu, kwa hiyo sina la kueleza zaidi ya kusema kwamba joho nene halipendi sindano nyembamba, na kwamba lipigwe bandi kwanza kila mahali kwa sababu linateleza polepole bila wewe kuona.

24 Machi: Safu moja au tatu

Wiki hii nimelipia lile swali ambalo sikuuliza.

Nilikuwa nimenunua vifungo 14 vya madini meupe, vya umbo la nusu duara, kwa euro 1.60 kimoja, nikatoboa na kushona kwa mkono matundu ya safu moja mbele. Mteja alipokuja kulipima alisimama mbele ya kioo akahesabu, kisha akaniuliza kwa upole safu nyingine mbili ziko wapi. Kundi lao linavaa Batalioni Nyepesi ya Pili. Koti nililoshona ni la ya Kwanza.

Batalioni hizi mbili zilikuwa ndugu. Zilipigana pamoja Hispania. Mwaka 1811 zilikilinda kijiji cha Albuera chini ya Karl von Alten, na mwaka 1815 zote mbili zilikuwa katika brigedi moja ya Kanali Christian von Ompteda. Zote kijani, zote kola nyeusi. Lakini ya Kwanza ilifunga koti kwa safu moja ya vifungo, na ya Pili ilikuwa na safu tatu kifuani, kama walivyovaa Waingereza wa Rejimenti ya 95 ya wapiga bunduki. Nilisoma "batalioni nyepesi" mahali fulani, nikaona picha moja, nikadhani nimemaliza.

Kwa mteja tofauti hiyo ilikuwa kila kitu, na baada ya kunieleza naielewa sababu. Batalioni ya Pili ndiyo iliyowekwa ndani ya shamba la La Haye Sainte siku ya vita vya Waterloo, vilivyomshinda Napoleon kwa mara ya mwisho, 18 Juni 1815, chini ya Meja Georg Baring. Mwaka ule batalioni za Legioni zilikuwa zimepunguzwa kutoka kombania kumi hadi sita, kwa kuwa maofisa na masajini wengi walihamishiwa kwenye vikosi vipya vya Hannover, kwa hiyo Baring aliingia shambani na watu wasiofika 400. Usiku wa kuamkia vita, askari waliokuwa wameloa mvua walikuwa wamechoma mlango wa ghala kwa ajili ya kuota moto, na mchana uliofuata Wafaransa walijaribu kuingia kwa uwazi huo. Bunduki zao zilikuwa za Baker, zenye mifereji ndani ya mtutu, na risasi yake ilikuwa ndogo kuliko ya gobori la askari wa safu. Kwa hiyo walipoishiwa, risasi za majirani hazikuwafaa. Baring alituma watu kuomba risasi tena na tena, na alichopata ni askari wa kuongeza. Miongoni mwao walikuwa askari wa Nassau, dola ndogo ya Kijerumani, ambao nao walivaa kijani, na ni masufuria makubwa waliyobeba mgongoni ndiyo yaliyotumika kuchota maji na kuzima ghala liliposhika moto. Jioni shamba lilianguka, na Baring alipowakusanya watu wake walikuwa 42. Ompteda aliuawa siku hiyo hiyo karibu na hapo, akiongoza Batalioni ya Tano ya safu katika shambulio aliloamriwa kulifanya ingawa aliona wapanda farasi wa adui wakingoja.

Kwa hiyo mtu anayetaka kuwakumbuka wale 42 hawezi kusimama amevaa safu moja.

Kurekebisha hakukuwa kugumu kama nilivyoogopa. Safu ya katikati ndiyo pekee inayofunga koti. Mbili za pembeni ni pambo na hazina matundu, kwa hiyo nilichokwisha kushona kilibaki. Kazi ilikuwa kuzipanga. Safu za pembeni haziendi sambamba na ya katikati: huanza mbali, karibu na bega, kisha hukaribiana zikishuka kiunoni, na jicho hulitambua kosa la nusu sentimita kutoka upande wa pili wa chumba. Nilipiga mstari wa chaki, nikaufuta, nikapiga tena. Mara ya kwanza niliyaweka mapengo sawa, na kifua kikaonekana bapa kama ubao. Mara ya pili nilimvisha mteja koti, nikachora nikiwa nimepiga magoti mbele yake, na mstari ukafuata mwili. Kila kifungo nimekipitisha mkia wake kwenye tundu dogo la joho na kukifunga kwa ndani, kisha bitana ikafunika. Vifungo 30 vya nyongeza, vikiwemo viwili vya akiba, vimegharimu euro 48.

Kazi ya siku nne ambayo swali moja la simu lingeiondoa: batalioni namba ngapi, na mwaka upi?

13 Aprili: Kola

Kola ni ya kusimama, ndefu, na lazima iwe ngumu. Kwa haraka nilitumia gamu ya kupigia pasi, ile tunayoitia kwenye kola za mashati. Joho lililokandwa lina nywele fupi juu yake, na gamu ilishika nywele bila kushika kitambaa. Baada ya kuvaliwa saa moja ilianza kuachia, malengelenge yakatokea, na kola ikajikunja chini ya sikio.

Nimeifumua. Ndani nimeweka tabaka mbili za kitani kigumu, kipande cha euro 9, na kuzishona pamoja kwa mishono midogo ya kuinama, mstari baada ya mstari, huku nikiwa nimeilaza kola juu ya goti ili ipate mviringo wa shingo wakati ikishonwa. Ni saa sita za kushona kitu ambacho hakuna atakayekiona. Ikisimamishwa mezani sasa inasimama yenyewe, na ukiibonyeza inarudi.

Kosa la pili lilikuwa la kipimo. Niliipima shingo ikiwa wazi, ilhali askari wa jeshi la Uingereza alivaa shingoni ukanda mgumu wa ngozi nyeusi chini ya kola, mchana wote, hata vitani. Mteja alipouvaa wake kola haikufunga. Nimeongeza sentimita 2.5, na kiungo kimefichwa nyuma ya shingo. Mpimeni mtu akiwa amevaa kila kinachokaa chini ya koti: shati, ukanda wa ngozi, na fulana ya sufu ikiwa ataivaa.

5 Mei: Jaribio la mwisho

Mteja amelivaa koti saa nne mfululizo, pamoja na mkoba wa mgongoni, mfuko wa risasi na mkanda mweusi unaopita kifuani. Tuliondoka karakana tukatembea hadi kwenye Nguzo ya Waterloo, iliyojengwa hapa mjini kati ya mwaka 1826 na 1832, tukarudi. Mvua nyepesi ilinyesha njiani. Matone yalikaa juu ya joho kama shanga na kuanguka alipojitikisa. Bitana ilikuwa kavu.

Mambo mawili yalijitokeza. Mkanda wa kifuani unasugua safu ya kushoto ya vifungo, na vitatu vimeanza kulegea, kwa hiyo nimevirudia kwa uzi uliokunjwa mara nne na kuweka kipande kidogo cha kitani nyuma ya kila kimoja. Pia ukingo wazi wa mbele umeanza kung'aa pale mkanda unapopita. Hilo sitaligusa.

12 Mei: Hesabu

Vifaa vyote pamoja: joho la kijani euro 162.80, joho jeusi 24, bitana 32, kitani kigumu 9, vifungo 44 euro 70.40, uzi na nta 13, marekani 12. Hizo ni euro 323.20 alizolipa mteja. Ukiongeza kitambaa cha kwanza kilichoharibika, euro 95 zilizotoka mfukoni mwangu, mradi umekula euro 418.20. Saa za kazi nimehesabu 104, na kati ya hizo 31 zilikuwa za kufumua, kupima upya na kurudia. Kiolezo kilichorekebishwa nimekihifadhi kwenye karatasi nzito, chenye alama ya urefu wa kwapa la zamani kwa wino mwekundu ili yeyote atakayekiazima aone nilipokosea.

Wenzake wawili wa mteja wamekuja wanataka yao. Mmoja ni wa batalioni hiyo hiyo, na kiolezo chake kinahitaji kuongezwa bega tu. Wa pili anataka koti jekundu la Batalioni ya Tano ya safu, yaani watu wa Ompteda: joho jekundu, kola ya buluu, mikanda meupe. Nimemuuliza namba ya batalioni na mwaka kabla hajaketi. Joho jekundu nimeagiza sampuli tatu, na kiberiti kiko mezani.